Mlango Katikati ya Mihogo

Nchi ninayoisimulia ina amani nyingi mno. Ni nyingi kiasi kwamba serikali imeiundia wizara ya kuigawa, na wananchi hupanga foleni kuipokea. Inaitwa Jamhuri ya Salamani. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa kuwa ramani zetu ni siri ya dola, na hata sisi wenyeji tukitaka kwenda mahali huuliza njiani. Mtu akisema nchi hii inafanana na nchi anayoijua yeye, huyo ana lake jambo, na mimi simo.

Jina langu ni Hamza Mlekwa. Nilikuwa Katibu wa Chama cha Wamiliki Halali wa Silaha, tawi la wilaya ya Maelekezo, kwa miaka kumi na mmoja. Tulikuwa wanachama arobaini na watatu wenye bunduki arobaini na nne, kwani Mwenyekiti alikuwa nazo mbili. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanachama aliyefyatua risasi hata moja, na kila mwaka wilaya yetu ilipewa cheti.

Sheria ya silaha ya Salamani ni nyepesi kueleweka. Bunduki ni za aina mbili. Kuna bunduki ya mawindo, ambayo inaruhusiwa kulia porini tu. Na kuna bunduki ya ulinzi wa nyumba, ambayo inaruhusiwa kulia ndani ya nyumba tu. Anayewinda nyumbani au kujilinda porini hufungwa miaka saba. Risasi zote za wilaya hukaa kwa Afisa Silaha, ndani ya kasha la chuma, kwa sababu utafiti wa serikali uligundua kwamba ajali nyingi za bunduki husababishwa na risasi.

Mwenye bunduki ya nyumba anatakiwa aifungie kabatini, na ufunguo usilale chini ya paa moja na bunduki. Mweka Hazina wetu, Bwana Makorongo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ufunguo wake ulikuwa unalala kwa shemeji yake ng'ambo ya mto. Mwaka juzi wezi waliingia kwake mchana kweupe wakachukua redio, godoro na kabati lenyewe lenye bunduki.

"Lakini ufunguo hawakuupata," Bwana Makorongo alikuwa akitusimulia kila mkutano. "Walihangaika nalo wiki mbili. Mwishowe wakalirudisha barazani kwangu na kikaratasi kilichoandikwa kwamba ni zito."

Tulimpigia makofi, na mimi nikaandika kwenye muhtasari kwamba mfumo unafanya kazi.

*

Mikutano yetu ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, katika ukumbi ulio nyuma ya posta. Kila mtu alikuja na bunduki yake imefungwa kwenye shuka safi. Tulizifungua, tukazilaza mezani, tukazipaka mafuta, tukazizungumzia. Nani kabadilisha kitako, nani kapata mkanda mpya wa ngozi. Kwa kweli nilizipenda saa hizo. Hakuna wanaume waliokuwa wapole kama sisi tulipokuwa tunafuta mitutu.

Mwenyekiti wetu, Kapteni mstaafu Lwambano, alikuwa na raifo ya mawindo aliyoiita Bibi Harusi.

"Hii ingemwangusha nyati kwa hatua mia tatu," alikuwa akisema.

"Umeshamwangusha?" aliwahi kuuliza mwanachama mmoja mpya.

"Nimesema ingemwangusha, bwana mdogo. Uwe unasikiliza."

Basi Jumamosi hiyo tulikuwa kwenye ajenda ya tatu, Mafuta, mlango ukagongwa, akaingia Bi Mwamvita binti Shomari. Ni mjane wa mzee fundi seremala, anakaa mwisho wa mji, pale barabara ya lami inapokata tamaa. Mkono mmoja alikuwa na debe tupu lililobonyea ubavuni, mkono wa pili kijiti. Alitusalimu, tukamwitikia, wadogo tukamwamkia shikamoo.

"Samahanini kuwakatiza," alisema. "Nimekuja kuomba mtu. Nguruwe pori wananimalizia mihogo. Zamani walikuwa wakija kwa kujificha. Siku hizi wanakuja saa kumi alasiri, jua linawaka, kama watumishi wanaoingia zamu. Nilikuwa na matuta mia na ishirini. Yamebaki arobaini. Yale ndiyo chakula changu mpaka masika, na yakiisha sina pengine. Marehemu alipokuwa hai tulikuwa tunapokezana, sasa niko peke yangu, ndiyo nikasema..."

"Umefika penyewe, mama," Kapteni alimkata. Alikuwa amesimama, na macho yanamng'aa. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuja kutuomba kitu. "Unataka wa raifo, au wa shotigani?"

Bi Mwamvita alimtazama, akatazama meza iliyojaa vyuma. "Wowote," alisema. "Mradi mtu."

Nikaandika kwenye muhtasari: Bi Mwamvita alifika kuomba bunduki.

*

Majadiliano yalichukua saa tatu. Shamba la mihogo si pori, kwa hiyo bunduki za mawindo hazikuhusika. Wala si nyumba, kwa hiyo bunduki za ulinzi nazo hazikuhusika. Shamba liko chini ya Wizara ya Kilimo, ambayo haina bunduki, ina vipeperushi.

Mwanachama mmoja alishauri nguruwe afukuzwe mpaka porini, akapokelewe huko na wenye mawindo. Ikabidi tumkumbushe kwamba msimu wa mawindo umefungwa mpaka kamati ya kuufungua ikutane, na kamati hiyo bado haijateuliwa.

Ndipo Bwana Makorongo akamgeukia Bi Mwamvita kwa upole. "Mama, hakuna namna ya kumkaribisha huyo nguruwe ndani?"

"Ndani wapi?"

"Ndani kwako. Akishavuka kizingiti tu, bunduki yangu inaruhusiwa."

"Nimkaribishe nguruwe nyumbani kwangu, mimi binti Shomari?"

"Kwa muda tu, mama."

Bi Mwamvita alitafuta kiti akakaa. Tukaazimia kwamba Katibu ampeleke kwa Afisa Silaha wa Wilaya ili kupata tafsiri ya kitaalamu.

Afisa Silaha, Bwana Tindwa, alikuwa mtu msafi, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea sheria na moja ya kumtazamia mwananchi. Alitusikiliza kwa ile ya pili. Kisha akavaa ile ya kwanza, akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima.

"Serikali yenu sikivu haikumsahau mkulima. Kifungu cha tisa. Nyumba maana yake ni mahali popote penye mlango unaofungika." Akafunga kitabu. "Mmeona? Pawe na mlango tu."

"Na kuta?" niliuliza.

"Kuta hazikutajwa. Zingerefusha sheria."

Nilitoka pale nimefurahi sana. Nilimweleza Bi Mwamvita njia nzima kwamba tatizo limekwisha, kinachotakiwa ni mlango mmoja tu shambani, na shamba litakuwa nyumba. Alitembea, debe linamgonga gotini.

"Mlango ninao mmoja," alisema mwishowe.

*

Ulikuwa mlango wa mninga, uliorandwa na marehemu mume wake mwaka waliooana. Kwenye bawaba kulikuwa na alama ya kidole chake, kwani aliushika kabla rangi haijakauka. Tuliung'oa asubuhi ya Jumatatu. Nasema tuliung'oa, maana nyundo niliishika mimi.

Tukachimbia nguzo mbili katikati ya mihogo, tukausimamisha, tukautia komeo na kufuli. Ulisimama peke yake pale, huku ni mihogo na huku ni mihogo. Bi Mwamvita aliufuta vumbi kwa pembe ya kanga.

Alasiri Bwana Tindwa akaja kukagua. Aliufikia mlango, akabisha hodi, akasubiri.

"Karibu," alisema Bi Mwamvita, aliyekuwa amesimama hatua mbili pembeni yake, wanaonana.

Bwana Tindwa akafungua, akapangusa viatu, akaingia. Akaangalia juu, akasifu hewa. Akatoa hati, akaigonga muhuri juu ya mgongo wangu. Kisha akaelekea kwenye kile kijumba cha Bi Mwamvita, ambacho mlangoni palikuwa pamening'inizwa kanga.

"Na hapa je? Mlango uko wapi?"

"Si huo uliotoka kuufungua sasa hivi."

Akavaa miwani ya sheria. "Kifungu cha kumi. Nyumba isiyo na mlango ni gofu, na gofu ni sehemu ya pori." Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Hapa sasa ni porini, mama."

"Mimi nalala humo, baba."

"Unalala porini. Ungejihadhari, kuna wanyama."

Ningeweza kusema neno pale. Nilikuwa nimeshika ile hati yenye muhuri mbichi, naipepea ikauke.

*

Ijumaa iliyofuata chama chote kilihamia kwa Bi Mwamvita. Wanaume arobaini na watatu, wamevaa viatu vilivyopigwa rangi, na mapambo ya karatasi yamefungwa kwenye nguzo za mlango. Bwana Tindwa alikuja na kikasha chenye kufuli tatu, akatoa risasi mbili juu ya kitambaa cheupe. Baadhi ya wanachama walikuwa hawajawahi kuiona risasi, wakaomba kuishika, wakakataliwa. Moja alipewa Bwana Makorongo, kwa ajili ya ulinzi wa nyumba, yaani shamba. Ya pili alipewa Kapteni Lwambano, kwa kibali cha siku moja maana msimu bado umefungwa, naye akapangwa kulielekea pori, yaani nyumba, endapo nguruwe atakimbilia huko. Bi Mwamvita aliambiwa akae ndani atulie, asije akaharibu operesheni.

Saa kumi kamili nguruwe walifika. Walikuwa sita, wakiongozwa na jike mmoja mkubwa. Aliutazama mlango, akaupita ubavuni.

"Hakupita mlangoni," Bwana Tindwa alinong'ona kwa furaha. "Huyo ni mwizi kamili."

Lakini mwizi hapigwi hivi hivi. Nchi yetu ni ya haki. Taratibu zinataka aonywe mara tatu kwa lugha ya serikali, aulizwe jina, na kila onyo lifuatiwe na dakika moja ya kumsikiliza. Bwana Makorongo akafunua karatasi.

"Wewe uliyeingia katika makazi haya pasipo ridhaa," alisoma, "unaamriwa na Jamhuri utaje jina lako kamili, la baba na la babu, na dhumuni la ujio wako."

Tukasikiliza dakika moja. Tulisikia mihogo inavunjwa.

Akasoma mara ya pili. Tukasikiliza. Matuta yalikuwa yamebaki kumi na mawili. Kabla hajafika katikati ya onyo la tatu, yalikuwa yamebaki mawili, na nguruwe mdogo kuliko wote alikuwa ameshashiba amelala kivulini mwa mlango.

Bi Mwamvita alikuwa anachungulia pembeni ya kanga. Yote haya aliyaona. Sijui mtu mwingine angefanya nini. Yeye aliokota debe lake na kijiti, akaipiga kumbo kanga, akatoka nje mbio huku analipiga kwa nguvu zake zote.

Nguruwe walitimka wote sita kwa pamoja.

Na Kapteni Lwambano, aliyekuwa amelielekea pori tangu saa nane, aliona kitu kinachomoka porini kwa kelele. Alikuwa amesubiri miaka kumi na mmoja. Bibi Harusi akalia.

Risasi ilitoboa debe, ikaingia pajani kwa Bi Mwamvita. Alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta mkeka. Bwana Makorongo, ambaye hakuwa ameagizwa vinginevyo, akamalizia kusoma onyo la tatu.

*

Fomu ya matumizi ya risasi ina sehemu inayosema: Kilichopigwa. Chini yake kuna visanduku vinne. Nguruwe, nyani, tembo, mwizi. Hakuna cha tano. Bwana Tindwa alisema fomu yenye kisanduku kitupu haipokelewi makao makuu, na risasi isiyo na fomu haijafyatuliwa.

Tulikuwa kwenye benchi la zahanati. Mganga alikuwa anamfunga Bi Mwamvita bendeji. Ilibidi mimi, Katibu, nimuulize mwenyewe. Nilipiga magoti ili nisimsimamie kichwani.

"Ukiwa nguruwe, nyani au tembo," nilimweleza, "wewe ni nyara ya serikali. Ukiwa mwizi, utashtakiwa kwa kutoka mahali pasipo na mlango."

Alifumba macho. Nilidhani ameshikwa na maumivu.

"Andika mwizi," alisema. "Nasikia jela ina mlango."

Nikaandika.

Kesi yake ilifutwa baada ya miezi mitatu ya kulala hospitali na askari kando ya kitanda. Mlalamikaji, yaani mwenye nyumba, aliitwa mara tatu akakosa kuitika, kwa sababu mwenye nyumba ni yeye mwenyewe na alikuwa kizimbani, ambako mtu haruhusiwi kuitika mpaka aulizwe.

Huku nyuma sisi tulikuwa tumekutana Jumamosi ya kwanza kama kawaida. Sikumbuki mkutano uliochangamka kama ule. Hatua arobaini na mbili, walisema, upepo wa kushoto, na katikati kuna debe. Kila mmoja alitaka kuigusa Bibi Harusi. Kapteni alikuwa mnyenyekevu, anasema ni kawaida tu, ni mazoezi. Tukampigia makofi. Na mimi nilipiga, na nikaona aibu mikono ikiwa bado inagongana. Muhtasari wa mkutano uliopita ukasomwa, ukathibitishwa, ukatiwa sahihi.

Kwenye Mengineyo niliinua mkono. Niliuliza nani ataurudisha mlango wa Bi Mwamvita, maana siku moja atatoka hospitali na nyumba haina kitu.

"Mlango upi?" aliuliza Kapteni. "Ule ni wa nyumba iliyosajiliwa. Una hati. Katibu, hati si uliikausha wewe?"

Nikakaa chini. Nikajua kwamba mambo mengine ukisubiri azimio utazeeka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda peke yangu na nyundo. Niliung'oa mlango, nikajitwika, nikaupeleka nyumbani kwake, nikaupigilia mahali pake. Bawaba ziliingia zenyewe, zilikuwa zinapajua. Nilikuwa najaribu komeo askari waliponikuta. Shtaka langu ni kuvunja nyumba kwa kuiondolea mlango, na hiyo nyumba ni shamba.

*

Sasa niko mahabusu. Bi Mwamvita hakusikia vibaya: mlango upo, tena wa chuma. Kasoro yake ni kwamba komeo liko upande wa nje.

Kesi yangu imeahirishwa mara kumi na nne. Wenzangu kesi zao zikiahirishwa hununa, mimi hushukuru. Mlango ule ni kidhibiti, na kidhibiti hakiruhusiwi kuguswa wala kusogezwa mpaka kesi iishe. Kwa hiyo umebaki pale pale nilipoupigilia, na Bi Mwamvita anaufunga kila magharibi kwa idhini ya mahakama. Siku nitakapoachiwa huru, atalala tena porini.

Alikuja kunitazama mwezi uliopita, anachechemea, na bakuli la kisamvu. Shamba halina mlango sasa, limerudi kuwa shamba. Alikuwa ameshapanda upya.

"Na nguruwe?" nilimuuliza.

"Saa kumi wanafika. Napiga debe, wanaondoka."

"Lile lenye tundu?"

"Linalia vizuri zaidi."

Nilikaa nikafikiri. Nikamuuliza, kama debe linatosha, chamani alikuja kutafuta nini.

"Debe lilikuwa linatosha siku zote, mwanangu. Alipokuwa hai mzee tulikuwa tunapokezana, yeye akichoka mimi, mimi nikichoka yeye, mpaka jua linazama ndiyo wanakata tamaa. Alipokufa mkono ukanishinda. Nilikuja kuomba mtu wa kunipokea debe." Alinisogezea bakuli. "Nyinyi mlinipa bunduki arobaini na nne. Kula, kinapoa."

Niliandika barua kwa chama, naomba sentensi moja ya muhtasari isahihishwe: aliomba mtu, hakuomba bunduki. Katibu mpya amenijibu kwa heshima zote kwamba muhtasari ulikwisha thibitishwa.

Toka siku hiyo, saa kumi ikifika, nachukua sahani yangu ya bati na kijiko, napiga mpaka jua linazama. Najua haifiki. Kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Jana yule askari mnene wa zamu alikuja akasimama dirishani, akaniuliza kama nina kibali cha kupiga sahani. Nikamwambia sina. Akaniuliza basi napiga ya nini. Nikamweleza yote, tangu matuta mia na ishirini, na wakati wote huo naendelea kupiga, kwani ilikuwa ndiyo kwanza saa kumi na moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama upande huu wa korido, akatazama upande ule. Kisha akapenyeza mkono kati ya nondo.

"Mkono umeshachoka huo," alisema. "Lete nikupokee."